Manga Tanzu na Wahusika Wake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wapenzi wa manga, yaani hadithi za picha za Kijapani, wakianza kubishana kuhusu nani mhusika bora, maswali haya hayakosi kuibuka. Tumeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale yanayoumiza kichwa. Tahadhari moja: majibu yanafichua matukio makubwa, vikiwemo vifo. Kama hujamaliza manga fulani na hutaki kujua mwisho wa mtu, ruka swali linaloitaja.

## Misingi

Manga tanzu ni nini hasa?

Ni manga iliyochipuka kutoka kwenye kazi iliyokwisha kujulikana. Inaishi katika ulimwengu uleule, ila inamweka mbele mtu aliyekuwa pembeni, au inamchukua mtu yuleyule na kumwonyesha katika wakati ambao hatukuwahi kuuona. Kazi ya kwanza hapa tunaiita manga mama, hata pale ambapo ilianza kama riwaya.

My Hero Academia ya Kohei Horikoshi ilichapishwa katika jarida la Weekly Shonen Jump kuanzia 2014 hadi 2024. Tanzu yake, Vigilantes, iliandikwa na Hideyuki Furuhashi na kuchorwa na Betten Court kati ya 2016 na 2022. Matukio yake yanatangulia yale ya manga mama kwa miaka kadhaa, na stelingi wake si Deku, yule wa manga mama, bali Koichi Haimawari, mwanafunzi wa chuo anayesaidia watu mitaani bila leseni ya ushujaa. Sheria za ulimwengu ni zilezile. Kilichobadilika ni nani anaumia zinapovunjwa.

Ina tofauti gani na mwendelezo, au na kazi za mashabiki?

Mwendelezo huipokea hadithi pale ilipoishia na kuisukuma mbele, kama Boruto ilivyofanya baada ya Naruto. Tanzu husimama kando, na mara nyingi mwisho wake unajulikana kabla haijaanza.

Kazi za mashabiki, zile Wajapani wanazoziita doujinshi na kuziuza kwenye maonyesho kama Comiket ya Tokyo, hazina kibali rasmi cha mwenye hadithi. Tanzu inacho, na kwa kawaida hutolewa na mchapishaji yuleyule.

Nani huiandika? Muumba wa wahusika anahusika kweli?

Inategemea. Wakati mwingine ni yeye mwenyewe: mwaka 2023, baada ya Minato, baba wa stelingi, kushika nafasi ya kwanza katika kura ya dunia nzima ya wahusika wa Naruto, Masashi Kishimoto alichora hadithi fupi moja kumhusu Minato na mkewe Kushina. Wakati mwingine muumba huandika na mwenzake akachora. Ndivyo Kazuma Kamachi anavyofanya na mchoraji Motoi Fuyukawa katika A Certain Scientific Railgun, na ndivyo Muneyuki Kaneshiro alivyofanya na Kota Sannomiya katika Blue Lock: Episode Nagi.

Njia ya tatu ni kumkabidhi mgeni, na muumba akabaki kama msimamizi au mshauri. Hapa ndipo penye hatari zaidi, na kwa maoni yetu ndipo walipotoka baadhi ya wahusika waliokamilika kuliko wote. Sababu ziko kwenye swali la «Inawezekanaje mgeni amjue mhusika kuliko aliyemuumba?»

Lazima nisome manga mama kwanza?

Kwa Railgun, hapana, ingia moja kwa moja. Kwa Vigilantes unaweza kuanza nayo, ila utapoteza mshtuko mmoja mkubwa. Kwa tanzu za Kaiji, ndiyo, soma mama kwanza. Utamu wake wote unategemea kujua yatakayompata mtu baadaye.

## Kwa nini mhusika huweza kuwa bora kwenye tanzu

«Kuboresha mhusika» maana yake nini? Kumpa nguvu zaidi?

Hapana. Nguvu mpya, mavazi mapya na kovu jipya usoni ni mapambo.

Kipimo chetu ni kimoja. Soma tanzu, kisha rudi kwenye manga mama ufungue ukurasa uleule uliowahi kuusoma. Hakuna mstari uliobadilika, hakuna neno lililoongezwa. Je, ukurasa ule sasa una uzito ambao hukuuhisi mwanzo? Kama ndiyo, mhusika ameboreshwa. Kama unausoma vilevile, tanzu imekupa burudani, na si vibaya, lakini mhusika yuko palepale. Na kama ukurasa ule sasa unaonekana wa uongo, kwa sababu mtu wa tanzu asingeweza kamwe kutenda vile, basi mhusika ameharibiwa.

Kipimo hiki kinatuongoza ukurasa mzima.

Inawezekanaje mgeni amjue mhusika kuliko aliyemuumba?

Sababu ya kwanza ni nafasi. Manga ya kila wiki ina kurasa zipatazo ishirini tu kwa sura. Katika majarida kama Weekly Shonen Jump wasomaji hupiga kura wakisema wamependa nini, na hadithi inayoshuka kwenye kura hizo yaweza kukatishwa. Mwandishi hana budi kumsogeza stelingi mbele kila wiki. Mtu wa pembeni hupata kurasa pale tu anapomgusa stelingi: anamfundisha, anampiga, anakufa mbele yake. Hatumwoni akiwa peke yake, na mtu usiyewahi kumwona peke yake ni vigumu kumjua.

Sababu ya pili ni kwamba tanzu hurithi nyumba iliyokwisha jengwa. Haihitaji kurasa za kueleza nguvu zinafanyaje kazi au nani anatawala nchi, na kurasa hizo zilizookolewa huenda kwa watu.

Ya tatu inasahaulika sana: mgeni alikuwa msomaji kabla ya kuwa mwandishi. Muumba alipomchora mtu fulani huenda alikuwa anakimbizana na tarehe ya mwisho. Mgeni amemtazama mtu huyo miaka kadhaa akijiuliza mbona hacheki, mbona halali, mbona anawafukuza wanafunzi. Anaingia kazini akiwa na maswali ambayo muumba hakuwahi kupata muda wa kujiuliza.

Kujua mwisho hakuharibu utamu?

Unaondoa swali moja tu, la kama atapona. Msomaji wa Vigilantes anajua kwamba Aizawa, mwalimu wa Deku kwenye manga mama, atakuwa hai miaka mingi baadaye. Kwa hiyo Furuhashi hawezi kumtisha kwa kifo cha Aizawa, analazimika kumshika kwa swali gumu zaidi: mtu huyu alifikaje pale alipo? Tazama swali la Aizawa hapa chini, na la Tonegawa, ambako kujua mwisho ndiko kunakouma.

## Mifano inayoulizwa zaidi

Ni tanzu gani inayotajwa sana kwamba imempita mama?

A Certain Scientific Railgun. Mama yake ni A Certain Magical Index, mfululizo wa riwaya za Kamachi ulioanza 2004; manga tanzu ilianza 2007 katika jarida la Dengeki Daioh. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu mfano huu una kila kitu.

Kwenye riwaya stelingi ni Touma Kamijou, na Mikoto Misaka ni msichana mwenye nguvu za umeme anayemshambulia kila wanapokutana barabarani. Ana hasira za karibu na aibu za kimapenzi. Katika juzuu ya tatu tunagundua siri nzito: kuna mabinti 20,000 waliotengenezwa kwa vinasaba vyake, wanaouawa mmoja baada ya mwingine na kijana aitwaye Accelerator ili apande ngazi ya nguvu. Touma anaingia, anapigana, anaokoa. Mikoto analia. Ni hadithi nzuri, lakini maumivu ya Mikoto tunayaona yakiwa yamekwisha komaa, kwa macho ya mtu aliyefika mwishoni.

Railgun inarudia matukio yaleyale kwa macho yake. Tunamwona akiwa mtoto mdogo, akikubali kutoa ramani ya vinasaba vyake kwa sababu ameambiwa itawatibu wagonjwa wa misuli. Aliyeyaanzisha mauaji haya, bila kujua, ni wema wake. Kisha anakutana na mmoja wa mabinti hao, namba 9982. Wanazurura siku nzima, wanagombana juu ya paka, wanakula aiskrimu, na Mikoto anampa beji ya kitoto. Binti anaibeza beji ile, lakini anakataa kuirudisha. Jioni anauawa. Akiwa amekwisha poteza mguu anajikokota kuifuata beji, na Mikoto anafika akiwa amechelewa kwa dakika chache tu.

Baada ya hapo manga inatupa kile ambacho riwaya haikuwa na nafasi nacho: usiku baada ya usiku msichana huyu anaingia kwenye maabara na kuziharibu, haambii rafiki yeyote, anarudi bwenini alfajiri na kujifanya mzima. Anadhani ameshinda. Kisha anagundua kwamba utafiti umehamishiwa mahali pengine na kazi yote imekuwa bure. Anapofika kwenye daraja ambako Touma anamkuta, ameshaamua kufa.

Sasa fungua tena ukurasa wa mama. Daraja ni lilelile na maneno ni karibu yaleyale, ila msichana aliyesimama pale amechoka kwa uchovu ambao umeuona ukijengeka siku kwa siku. Hata zile hasira zake za barabarani zinasomeka upya: ni mtu aliyezoea kubeba kila kitu peke yake, akikutana na kijana asiyemwogopa.

Marafiki zake pia wamepata uhai. Ruiko Saten hana nguvu yoyote, katika mji unaowapima watoto kwa nguvu zao. Anapotumia faili la muziki linaloahidi kumpa nguvu, anajua kabisa kwamba anadanganya, na bado tunamwelewa. Tunadiriki kusema kwamba Saten anaueleza ubaya wa mji ule kuliko vita vyote vya Touma.

Tanzu inaweza kumboresha adui bila kumgeuza malaika?

Inaweza, na mfano wetu ni Yukio Tonegawa.

Katika Kaiji ya Nobuyuki Fukumoto, iliyoanza 1996, Tonegawa ni mkubwa katika kampuni ya Teiai inayowakopesha watu kisha kuwatia kwenye michezo ya kufa na kupona. Ndiye anayewahutubia wadaiwa kuhusu thamani ya fedha kwa ukali ambao msomaji hausahau. Anaposhindwa na Kaiji kwenye mchezo wa kadi, mwenyekiti Hyodo anamwamuru apige magoti na kuinamisha paji la uso kwenye bamba la chuma lililopashwa moto. Anafanya hivyo kwa sekunde zaidi ya kumi.

Mwaka 2015 ikaanza Mr. Tonegawa, iliyoandikwa na Tensei Hagiwara na kuchorwa na Tomohiro Hashimoto na Tomoki Miyoshi. Inarudi nyuma, siku ambazo Tonegawa ameagizwa kubuni mchezo wa kifo utakaomwondolea mwenyekiti uchovu. Anaunda kamati na kuitisha vikao. Wasaidizi wake wote wamevaa suti nyeusi na miwani myeusi, na anahangaika kukariri majina yao. Anapanga safari za kuwaunganisha wafanyakazi. Akipata wazo zuri, mwenyekiti amenuna. Mwenyekiti akifurahi, wazo ni bovu. Tanzu hii ilishika nafasi ya kwanza upande wa wasomaji wa kiume katika orodha ya mwaka 2017 ya Kono Manga ga Sugoi!, mwongozo wa Kijapani unaopanga manga bora kila mwaka.

Inachekesha sana, lakini haimsafishi. Kikao kile, pamoja na chai na makabrasha yake, kinapanga namna ya kuwaangamiza watu. Tonegawa ni mchapakazi, anawajali walio chini yake, ana aibu zake ndogondogo, na bado anafanya uovu kila siku kuanzia asubuhi. Fukumoto alituonyesha mnyanyasaji. Hagiwara akatuonyesha kwamba mnyanyasaji naye ana bosi, na yeyote aliyewahi kufanya kazi chini ya mkubwa asiyetabirika atamwelewa Tonegawa kuliko anavyopenda.

Na lile bamba la chuma? Kila anapojipendekeza kwa Hyodo kwenye tanzu, sisi tunajua linamngoja. Ukirudi kwenye mama, adhabu ile si ushindi mtamu tena. Unamwona mtu akilipwa na kampuni aliyoipa maisha yake.

Na Otsuki je?

Ni ndugu wa mfano uliopita, chini ya mwandishi yuleyule Hagiwara. Katika Kaiji, Otsuki ni msimamizi wa kundi la wafanyakazi kwenye jela ya Teiai ya chini ya ardhi, anayewaibia wenzake kwa dadu zenye nne, tano na sita tu. Katika tanzu yake, iliyoanza mwishoni mwa 2016, anatumia fedha hizo kununua kibali cha kutoka siku moja, bei perika 500,000, perika ikiwa fedha ya humo jelani. Na huko juu anafanya nini? Anakula. Anavaa suti, anaingia mgahawa wa tambi saa ya chakula cha mchana na kuagiza bia katikati ya watu wanaowahi kurudi kazini.

Mtu mwovu aliyejua kufurahi: hilo manga mama haikuwa na nafasi ya kutuambia. Fedha zinabaki za wizi, na msomaji asisahau.

Vigilantes ilimfanyia nini Aizawa?

Kwenye manga mama Shota Aizawa ni mwalimu mwenye macho mekundu ya uchovu, anayelala ndani ya mfuko wa kulalia na kutishia kumfukuza mwanafunzi siku ya kwanza. Tunamheshimu, kwa mbali.

Vigilantes inatupeleka akiwa mwanafunzi wa U.A., shule ya mashujaa, pamoja na Hizashi Yamada na Oboro Shirakumo. Kuna siku ya mvua. Aizawa anamkuta paka mdogo ametupwa, anamwachia mwavuli na kuondoka, kwa sababu hajui afanye nini zaidi. Shirakumo anampita paka huyohuyo, anambeba na kumwingiza shuleni. Tukio dogo, halina hata ngumi moja, lakini linawaeleza vijana wote wawili. Aizawa anaona tatizo na kusita. Shirakumo haoni sababu ya kusita.

Kisha Shirakumo anakufa katika shambulio wakiwa kwenye mafunzo ya kazi, chini ya kifusi, huku Aizawa akipigana akiamini rafiki yake bado yuko naye. Ukishayajua haya, ile tabia ya kufukuza wanafunzi inasomeka tofauti. Anaogopa kuzika mwingine, na afadhali mtoto amchukie akiwa hai.

Wahusika wa kike waliopuuzwa hupata nafuu?

Mara nyingi, kwa sababu katika manga nyingi za wavulana hao ndio hukosa kurasa kwanza. Mikoto tumekwisha msema. Mwingine ni Sakura wa Naruto. Naruto inamwacha akiwa mke wa Sasuke na mama wa mtoto, lakini karibu haituonyeshi hata mara moja wakiishi kama mke na mume. Sasuke Retsuden ilianza kama riwaya ya Jun Esaka mwaka 2019, kisha Shingo Kimura akaichora kuanzia 2022. Inawapeleka wawili hao kwenye kazi ya siri nchi ya mbali, wakitafuta dawa ya ugonjwa wa rafiki yao Naruto, stelingi wa manga mama. Sakura anaingia kama daktari, kazi anayoijua kuliko mtu yeyote, na Sasuke anamtengenezea pete. Haifuti miaka ya kupuuzwa. Walau inatuonyesha kwa nini wawili hawa wanakaa pamoja, jambo ambalo mama ilituachia tulikisie.

Yamcha aliokolewa?

Nusu. Katika Dragon Ball mpiganaji Yamcha aliuawa na Saibaman, kiumbe mdogo wa maadui, na ile picha yake amelala shimoni imekuwa ya kumcheka miaka mingi. Mwaka 2016 dragongarow LEE alianza hadithi fupi ya sura tatu tu: mwanafunzi wa sekondari anaanguka na kuzinduka akiwa ndani ya mwili wa Yamcha. Anajua yote yatakayotokea, hivyo anafanya mazoezi kama mwendawazimu.

Ni kazi yenye upendo wa kweli. Lakini aliyejitahidi ni kijana yule, si Yamcha. Kwa kipimo chetu, ukirudi kwenye manga mama unamwonea Yamcha huruma zaidi na unaona ukubwa wa pengo alilotakiwa kuliruka. Yeye mwenyewe bado hatumjui.

## Pale mambo yanapoharibika

Utoto wa huzuni si unatosha kumfanya mhusika awe na kina?

Hautoshi, na ndiyo njia ya mkato inayotumika kupita zote. Mwandishi anamuua mama wa mhusika, anachoma kijiji, kisha anadhani kazi imekwisha. Huzuni inasaidia pale tu inapoeleza uamuzi fulani mahsusi ambao tayari tunaujua. Kifo cha Shirakumo kinaeleza kwa nini Aizawa anafukuza. Beji ya 9982 inaeleza kwa nini Mikoto yuko darajani. Kifo kisichofungua mlango wowote kwenye manga mama ni machozi ya bure.

Vipi kuhusu adui muuaji anayepewa tanzu yake na kuwa mlinzi wa watoto?

Hapa wasomaji wengi huwa wakali, na wana haki. Accelerator, yuleyule aliyewaua mabinti zaidi ya elfu kumi, alipewa tanzu iliyochorwa na Arata Yamaji kuanzia 2013 hadi 2020.

Kinachoiokoa ni jambo lililowekwa na riwaya za mama: Accelerator alipigwa risasi kichwani, na tangu hapo hawezi kufikiri wala kutembea sawasawa bila msaada wa mtandao wa akili za mabinti waliobaki. Yaani anaishi kwa hisani ya ndugu wa aliowaua, na hilo analivaa shingoni kama kifaa. Tanzu haimwombei msamaha, na hakuna anayemwambia kwamba yamepita. Ingeliondoa deni hilo, tungesema bila kusita kwamba imemharibu.

Episode Nagi si marudio tu ya mechi tulizokwisha ziona?

Kuna sura ambazo kweli ni marudio, na ukiwa umetoka kusoma Blue Lock utahisi umeshazipitia. Thamani yake iko kwa Reo Mikage zaidi ya kwa Nagi mwenyewe. Kwenye mama Reo anaonekana kama mtu anayeng'ang'ania rafiki aliyemwacha. Tanzu, iliyoanza 2022, inaanzia ngazi za shule: mtoto wa tajiri aliyekatazwa soka nyumbani anamwona mvivu mmoja akiidaka simu inayoanguka kwa mguu, na papo hapo anaamini amepata mtu wa kwenda naye Kombe la Dunia. Ukishaona alivyoijenga ndoto yote juu ya miguu ya mtu mwingine, kule kuachwa kunauma mara mbili.

Tanzu za vichekesho zinazogeuza tabia za wahusika nazo zihukumiwe hivi?

Hapana. Zinazochora watu kwa vichwa vikubwa na miili midogo zimekuja kuchekesha, na msomaji anajua.

## Maswali magumu

Manga mama na tanzu zikipingana, nishike ipi?

Mfano mzuri ni Saint Seiya. Masami Kurumada alianza Next Dimension mwaka 2006, akisimulia vita vya kale kabla ya manga mama. Mwaka huohuo, jarida lilelile la Weekly Shonen Champion likaanza kuchapisha The Lost Canvas ya Shiori Teshirogi, inayosimulia vita vilevile. Wote wana stelingi Tenma wa Pegasus, lakini mashujaa wa dhahabu, wale wanaovaa mavazi ya dhahabu na kulinda kila mmoja nyumba ya nyota yake, ni tofauti: kwa Kurumada mlinzi wa nyumba ya Kaa ni Deathtoll, kwa Teshirogi ni Manigoldo. Haziwezi kuwa kweli zote mbili.

Kwa anayetaka mpangilio rasmi wa matukio, neno la muumba ndilo la mwisho. Lakini mpangilio wa matukio na ubora wa mtu ni mambo mawili. Teshirogi aliandika juzuu 25, akaacha mashujaa ambao wasomaji wengi huwakumbuka kabla ya wale wa asili. Hakuna kinachokuzuia kumkubali Kurumada kwenye tarehe na Teshirogi kwenye watu.

Manigoldo si mtu yule wa zamani. Inakuwaje tuseme kaboreshwa?

Swali zuri, na jibu linahitaji uangalifu. Kwenye manga mama nyota ya Kaa ilikuwa ya Deathmask, muuaji aliyepamba kuta kwa nyuso za waliokufa, hadi vazi lake la dhahabu likamkimbia katikati ya pambano. Nyumba ile ikabaki na aibu. Teshirogi alichukua nyumba ileile, mbinu zilezile za kuzitenga roho na miili, hata ulimi mchafu uleule, akaweka ndani kijana aliyelelewa na mwalimu wake Sage na kwenda naye kupambana na Thanatos, mungu wa kifo. Kwa Pisces, nyota ya Samaki, akafanya vivyo hivyo: Albafica ana damu yenye sumu, hivyo anawakwepa watu wote ili asiwaue, na anakufa akikilinda kijiji asichoweza kukikumbatia.

Kwa hiyo Deathmask hakuboreshwa kama mtu. Kilichobadilika ni kosa lake. Zamani ungeweza kudhani nyota ya Kaa huzaa waovu. Baada ya Manigoldo unajua kwamba vazi lile liliwahi kuvaliwa kwa heshima, na kwamba Deathmask alichagua.

Ulimwengu ukibadilishwa kabisa, mhusika anabaki yuleyule?

Anaweza, kama jeraha lake limebaki. Katika Fate/kaleid liner Prisma Illya ya Hiroshi Hiroyama, iliyoanza 2007, Illya, msichana ambaye kwenye mchezo wa asili wa kompyuta alilelewa kama silaha, anapewa familia, shule na marafiki. Inaanza kama ndoto tamu, lakini ile Illya-silaha inarudi kwa namna nyingine kudai haki yake ya kuishi. Vipande vingine vya manga hii vinawaonyesha watoto kwa jinsi tusiyoipenda, na tunasema wazi ili mtu asiinunue kwa mwanawe bila kuitazama.

Naweza kuzisoma wapi kihalali?

Kampuni ya Shueisha ina programu ya MANGA Plus tangu Januari 2019, inayotoa bure sura za mwanzo na za karibuni za manga nyingi. Ipo kwa Kiingereza na Kifaransa, hivyo msomaji wa Goma au Bujumbura anaweza kuchagua. Kiswahili bado. Si kila tanzu iliyotajwa hapa imo, kwa kuwa zimetoka kwa wachapishaji tofauti.

Tanzu inaweza kumboresha mhusika ambaye hata haikumlenga?

Imewahi kutokea. Kurogiri, yule mtu wa ukungu anayewabeba maadui katika My Hero Academia, kwa muda mrefu alikuwa kama mlango tu, wa kupitisha watu. Kisha manga mama ikafichua kwamba mwili wake ulitengenezwa kutokana na maiti ya Shirakumo. Aizawa na Yamada wanaletwa gereza la Tartarus wajaribu kumwamsha rafiki yao ndani ya ukungu ule. Aizawa anamkumbusha mpango wao wa kufungua ofisi ya ushujaa wakiwa watatu.

Aliyesoma mama peke yake anaambiwa papo hapo kwamba walikuwa marafiki, na anaguswa kiasi. Aliyesoma Vigilantes anamjua kijana aliyembeba paka siku ya mvua. Ukitaka kuipata sehemu hiyo kwa nguvu zake zote, soma sura za ujana wa Aizawa kwenye Vigilantes kabla ya kuifikia sura ya Tartarus, ambayo iko kwenye mama baada kidogo ya sura ya 250.